Skuta ya Kikundi: Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi







Wenzetu waliotangulia mbele ya haki tumekwisha waombea asubuhi.

Katibu amesoma taarifa ya hisa, mikopo na mfuko wa jamii. Mweka hazina naye amesoma mahesabu, na mmepiga makofi. Hayo hatutayarudia. Sisi tumeombwa na wanachama wenyewe tuzungumzie skuta, kwa sababu kila anayetutembelea anauliza swali lile lile: hivi hiki kidude mlikinunua kimeshatumika, mwaka 2018, na bado kinatembea? Mnakitia dawa gani?

Hatukitii dawa. Tunakitia oili kwa wakati, na tunaandika daftari. Lakini maneno hayo mawili yana habari ndefu ndani yake, kwa hiyo mtuvumilie.

Kwanza tuseme kwa nini skuta na si pikipiki ya kawaida. Wakati ule tulikuwa na kuku wa mayai kwa akina mama tisa, na mayai yalikuwa yanapelekwa sokoni Mnarani, kule tunakoita Loliondo, kwa bodaboda ya kukodi. Nauli ilikuwa inakula faida. Siku nyingine kijana anafika saa nne wakati mteja ameshanunua kwa mwingine. Tukasema tununue chombo chetu. Sasa mama amevaa gauni na khanga, pikipiki ya tenki la juu atairukaje? Skuta unapitisha mguu katikati, unakaa kama umekaa kwenye kiti. Haina gia za kukanyaga, haina klachi ya mkononi. Wenzetu wa Unguja siku nyingi wanaliona hilo jambo la kawaida, mama na vespa yake anakwenda kazini. Huku kwetu wiki ya kwanza watu walisimama barabarani kutazama, na kijiwe kimoja hapa karibu walikuwa wanapiga miluzi. Leo wakitaka mkopo wa kuku wanakuja kutuuliza masharti.

Na hilo jina vespa, kwa wasiojua, ni neno la Kiitaliano, maana yake nyigu. Kiwanda cha Piaggio kule Italia kilianza kuzitengeneza mwaka 1946, vita vilipokwisha na watu hawana pesa ya kununua gari. Vespa za zamani injini yake ni ile ya kuchanganya oili na petroli, kiasi cha mililita 20 kwa lita moja, na usipochanganya injini inanoki. Yetu si ya namna hiyo. Yetu ni ya cc 110, imetengenezwa India, ina kabureta, na oili yake inakaa chini peke yake kama ya gari. Tunalisema hili kwa sababu kuna mzee mmoja, kwa nia njema kabisa, alikuwa anatuagiza kila siku tutie oili kwenye tenki. Mzee wetu, leo tunakujibu hadharani: ya kwetu haitaki.

Tulinunua kwa shilingi 1,100,000, na fedha hizo zilikuwa faida ya mwaka mzima, hapakuwa na senti ya mtu wa nje. Kadi tukabadilisha TRA ikawa kwa jina la kikundi, siyo jina la mwenyekiti wala la mume wa mtu. Hilo tuliliwekea mkazo. Vikundi vingi vimevunjika kwa sababu mali ya wote imeandikwa jina la mmoja. Halafu akina mama wawili wakaenda kujifunza udereva, wakapata leseni, na mpaka leo ni hao wawili na wengine watatu walioongezeka ndio wanaoruhusiwa kushika usukani. Kofia ngumu mbili, bima, na dereva hapewi ufunguo kama hana leseni mfukoni. Kijana wa mwanachama, hata awe hodari namna gani, haendeshi. Tulilaumiwa sana kwa hilo.

Sasa tuingie kwenye matunzo.

Daftari ndilo la kwanza. Ni daftari la kawaida la kaunta, lina mistari mitano: tarehe, kilomita zilizosomeka kwenye mita, lita za petroli, kilichofanyika, na fedha iliyotoka. Kila dereva anapojaza mafuta anaandika hapo hapo, kabla hajaondoka kituoni. Mwisho wa mwezi tunagawanya kilomita kwa lita. Skuta yetu ikiwa nzima inatupa kilomita 40 hivi kwa lita moja. Ikishuka ikawa 35, hatusubiri iharibike, tunaanza kutafuta. Upepo wa tairi umepungua? Breki inagusa hata kama hujaishika? Chujio la hewa limejaa vumbi? Plagi imechoka? Mkanda unateleza? Mara nyingi ni upepo tu, na upepo hauna gharama. Bei ya petroli hatuwezi kuibadilisha. EWURA wanatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi na sisi tunapokea. Lakini mafuta yanayopotea kwa tairi laini hayo ni ya kwetu, tunaweza kuyazuia.

Daftari hili limetufanyia kazi nyingine ambayo hatukuitegemea. Mwaka 2020 tulipeleka skuta kwa fundi mmoja, hatumtaji na msituulize, kubadilishiwa brekishu. Akakaa nayo siku tatu. Iliporudi breki zilikuwa nzuri, lakini mwezi ule hesabu ikatoka kilomita 28 kwa lita. Mweka hazina akadhani amekosea kugawanya, akarudia. Ni 28. Tukaita fundi mwingine akafungua, akatuonyesha: kabureta iliyomo ni chakavu, siyo yetu. Tulijuaje siyo yetu? Kwa sababu tangu tunanunua, katibu wetu alipaka rangi ya kucha, ile nyekundu, tone moja moja kwenye kila kifaa cha maana: kabureta, koili, betri, rejeta ya kuchaji, kava la mkanda, shokapu, hata rimu. Kabureta ile haikuwa na tone. Tukachukua daftari, tukamchukua mwenyekiti wa mtaa, tukaenda wanane. Hatukupiga kelele. Tukaomba kabureta yenye rangi ya kucha, na ikatoka chini ya meza. Kwa hiyo, dada zetu mnaocheka chupa ya rangi ya kucha kwenye kisanduku cha spana, mjue inafanya nini pale.

Tangu siku hiyo skuta haiachwi gereji. Fundi anakuja uani au mmoja wetu anakaa naye mpaka amalize, na kifaa kilichotolewa tunarudi nacho nyumbani, kibovu hivyo hivyo.

Oili. Skuta yetu inachukua chini kidogo ya lita moja. Kitabu chake kinaruhusu kwenda mbali zaidi kabla ya kubadilisha, lakini kitabu hakijapita barabara ya Msangani wakati wa kiangazi. Sisi tunabadilisha kila kilomita 2,000. Tunanunua chupa iliyofungwa, tunakata lakiri wenyewe, na chupa tupu tunaitoboa ili asije mtu akaijaza oili chafu akaiuza upya. Kila Jumamosi asubuhi kabla haijawashwa, skuta ikiwa juu ya stendi kubwa mahali tambarare, tunachomoa kijiti cha kupimia, tunafuta, tunarudisha, tunatazama. Ikipungua tunaongeza kidogo. Ikiwa inapungua kila wiki, hapo kuna sili inayovuja au ringi zimekwisha, aitwe fundi.

Kuna oili ya pili ambayo watu wengi hawaijui, ile ya gia za gurudumu la nyuma. Ni kidogo sana, haifiki hata nusu kikombe cha chai. Kwa kuwa ni kidogo inasahaulika, na aliyetuuzia alikuwa hajawahi kuibadilisha, maana ilitoka kama uji wa ulezi. Tunaibadilisha mara moja kwa mwaka.

Chujio la hewa kwa Kibaha ni jambo la uhai. Ujenzi wa barabara ya kutoka Kimara kuja hapa Kibaha ulipoanza mwaka 2018, kila safari ya Kariakoo kufuata dawa za kuku ilikuwa ni kula vumbi. Sasa chujio ziko za aina mbili. La sponji unaliosha kwa maji na sabuni, unalikausha kivulini, unalipaka oili kidogo, unalikamua, unalirudisha. La karatasi lenye mafuta mafuta halioshwi wala halipulizwi kwa pampu, ukilipuliza unatoboa karatasi na mchanga unaingia kwenye silinda. Letu ni hilo la karatasi. Likijaa tunanunua jingine. Kuna anayeendesha bila chujio kabisa akisema injini inapata hewa zaidi. Inapata mchanga zaidi.

Plagi tunaichomoa kila baada ya miezi mitatu na kuitazama uso. Ikiwa na rangi ya kahawia ya chai ya maziwa, injini inakula sawasawa. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli ni nyingi au chujio limeziba. Ikiwa nyeupe, hewa ni nyingi kuliko petroli na injini inapata moto, hapo usiendelee na safari ndefu. Bibi mmoja kwenye kikundi, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, ndiye msomaji wetu wa plagi. Hajakosea bado.

Sasa mkanda. Hapa tunaomba mtusikilize vizuri zaidi, kwa sababu hapa ndipo skuta inatofautiana na pikipiki na hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Pikipiki ina cheni, unaiona. Ikilegea unaiona, ikikauka unaisikia. Skuta ina mkanda wa mpira uliofichwa ndani ya kava upande wa kushoto, unazunguka kwenye puli mbili. Puli ya mbele ina rola sita ndogo ndani yake, kama vijigololi vya mviringo. Injini ikiongeza mwendo, rola zinasukumwa nje, puli inabana, mkanda unapanda juu, na skuta inakwenda kasi. Ndiyo gia zake hizo. Mkanda ukichakaa unakuwa mwembamba, na rola zikilika zinapata bapa upande mmoja. Dalili zake: injini inalia lakini mwendo hauongezeki, au skuta inatetemeka ikianza kuondoka, au unasikia mlio wa kukwaruza. Ukisikia hivyo usisubiri, maana mkanda ukikatika hapo hapo ulipo ndipo utakaposimama. Hakuna cha kufunga kamba.

Ulitukatikia mara moja, mwaka 2019, kabla hatujafikia siku tuliyopanga kuukagua, kwa kuwa aliyetuuzia alituambia ni mpya. Dereva wetu alikuwa na trei nane za mayai, yaani mayai 240, jua la saa saba, katikati ya Msangani na hapa. Alisukuma mpaka nyumba ya kwanza yenye mti. Mama mwenye nyumba ile hakuwa mwanachama wetu. Alimpa maji, akayaingiza mayai ndani, akamtuma mwanawe kutuita. Mama huyo leo ni mwanachama namba 27, na amekaa pale mstari wa pili.

Kuanzia hapo tunafungua kava kila kilomita 8,000. Tunafuta vumbi kwa brashi kavu, tunatazama kama mkanda una nyufa, tunapima upana wake. Mkanda mpya tunaweka ukifika kilomita 20,000 hata kama bado unaonekana mzima, na ule wa zamani tunaufunga kwenye mfuko chini ya kiti kama akiba ya njiani. Mafuta, grisi wala petroli havitakiwi kugusa mkanda hata tone. Na wakati wa masika usiingize skuta kwenye maji yanayofika kwenye kava. Maji yakiingia mkanda unateleza, na ukiwa katikati ya dimbwi utashuka na gauni lako.

Breki zetu ni za ngoma mbele na nyuma. Ukiona lazima uvute mkono mpaka karibu na usukani ndipo ishike, kaza ile nati ya gurudumuni mizunguko kidogo, halafu zungusha gurudumu kwa mkono uhakikishe linakwenda huru. Kwenye ngoma kuna kialama cha mshale, kikifika mwisho brekishu zimekwisha, kukaza hakusaidii tena. Tairi mbele tunajaza 22 na nyuma 29, mzigo ukizidi nyuma tunaongeza. Tuna kipimo chetu na pampu yetu ya mguu, hatutegemei kubonyeza kwa kidole gumba. Betri tunasafisha vichwa vyake na kuvipaka grisi, na asubuhi tunawasha kwa kiki ili kuipunguzia mzigo. Basi, hayo yanatosha.

Mtauliza fedha zinatoka wapi. Zinatoka kwenye kilomita. Tulikaa na mweka hazina tukahesabu: oili moja inakwenda kilomita 2,000, tairi kiasi cha 12,000 kwa barabara zetu, mkanda 20,000, brekishu, plagi, chujio, betri. Kila bei tukaigawanya kwa kilomita zake, tukajumlisha, ikaja karibu shilingi 20 kwa kilomita moja. Tukaweka 30. Kwa hiyo kila Jumapili kwenye kikao dereva anasoma mita, zile kilomita za wiki zinazidishwa mara 30, na fedha inatoka kwenye mauzo ya mayai inaingia kwenye bahasha ya skuta kabla ya kitu kingine chochote. Wiki ya kilomita 200 ni shilingi 6,000. Haiumi. Kwa mwaka inafika kama laki tatu, na matunzo yanakula kama laki mbili. Bei zikipanda tunahesabu upya kila Januari. Petroli na bima haviingii humo, vina fungu lake.

Hiyo laki moja inayobaki ndiyo iliyoiboresha skuta, kidogo kidogo, kila mwaka kitu kimoja.

Mwaka wa kwanza tulichomelea keria ya nyuma na kutengenezewa sanduku la mbao lenye sponji ya godoro ndani. Mayai yaliyokuwa yanavunjika njiani yakapungua mpaka tukaacha kuyaandika. Mwaka uliofuata tukabadilisha shokapu ya nyuma tukaweka ngumu zaidi, kwa sababu ya kwanza ilikuwa ya kubeba mtu mmoja mjini, siyo mama na mayai kwenye makorongo. Halafu tukaweka rola nyepesi kidogo kwenye puli. Hii ni bei ndogo na tofauti yake ni kubwa: skuta inapoteza mwendo wa juu, ambao sisi hatuuhitaji, inapata nguvu ya kupanda vilima vya upande wa Kisarawe ikiwa na mzigo. Lakini lazima rola zote sita ziwe za uzito mmoja. Fundi akikuambia changanya tatu za zamani na tatu mpya, chukua skuta yako uondoke.

Taa ndiyo iliyotufikirisha zaidi. Skuta za namna hii, umeme wa taa kubwa hautoki kwenye betri, unatoka moja kwa moja kwenye koili ya injini. Ukipunguza mwendo, taa nayo inafifia. Yaani penye shimo, ambapo unatakiwa kuona, ndipo huoni. Usiku mmoja wa mvua ya Aprili mwaka 2021 mwenzetu alishikwa na uchungu saa nane. Gari halikupatikana, bodaboda wawili waliopigiwa hawakutoka kwa ile mvua. Dereva wetu alimpakia, na mama mkwe wake mgonjwa akafuata nyuma na mumewe kwa baiskeli, wakaenda Tumbi. Dereva anasema njia nzima alikuwa anaendesha kwa kukumbuka, siyo kwa kuona. Akikaribia dimbwi anapunguza mwendo na taa inazimika karibu yote, akiongeza mwendo apate mwanga anaogopa kumwangusha mgonjwa. Walifika. Mtoto ni yule aliyevaa gauni la njano anayekimbia pale nyuma, na mama yake anamwita asimame hasikii.

Wiki ile ile tulipitisha fedha ya taa. Ukinunua ile taa ya LED ya bei rahisi ukaichomeka tu, itapepesa kwa sababu ya huo umeme wa koili. Fundi wetu alihamisha waya wa taa ukawa unatoka kwenye betri kupitia relei na fyuzi yake, na taa ya LED inakula umeme kidogo kuliko ile ya zamani, kwa hiyo betri inahimili. Sasa hata skuta ikisimama, mwanga ni ule ule. Katika vyote tulivyoongeza, hiki ndicho ambacho tukiambiwa tuchague kimoja tungekibakiza.

Kuna vitu tulikataa. Honi ya lori, redio, bomba la moshi la kupiga kelele, na vile vitambaa vya plastiki vya kuning'inia usukanini. Vijana walituletea kwa mapenzi, tukawashukuru.

Sasa tuseme na lile ambalo wengine wenu mnasubiri kuona kama tutalisema. Mwaka 2022 kulikuwa na hoja ya kuiuza. Wenzetu walisema: tuuze skuta, tuongeze fedha, tununue pikipiki kubwa ya bodaboda, tumpe kijana, alete hesabu kila siku. Hoja haikuwa ya kipuuzi. Hesabu ya kila siku ni fedha inayoonekana, na skuta haileti fedha mkononi, inazuia isitoke. Waliopinga wakasema kijana akigongwa Barabara ya Morogoro nani atasimama na mama yake pale Tumbi, na nani atapeleka mayai. Tulikaa vikao vitatu. Kura zikawa 17 za kubaki nayo na 11 za kuiuza. Wanachama wawili wakajitoa na hisa zao tukawalipa kamili. Mmoja amerudi. Mwingine ana bodaboda yake, inamlipa, na leo amekuja kula pilau ya kikundi, tunamkaribisha sana, na yeye anajua bado hatujakubaliana.

Tunachoweza kusema ni kilichotokea baadaye. Mwaka 2023 Serikali iliposimamisha ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ili kupanga utaratibu mpya, vikundi vingi vya akina mama vilibaki vinasubiri mpaka mwaka 2024. Sisi tulikuwa tumepanga kuomba ya kununulia vifaranga. Hatukupata, lakini mayai yaliendelea kwenda sokoni kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, nauli haikutuumiza, na vifaranga tukanunua nusu yake kwa fedha zetu.

Skuta ina umri sasa. Mita inasoma zaidi ya kilomita 80,000. Bibi msomaji wa plagi amesema mara mbili mfululizo imekuwa nyeusi na ina unyevu wa oili, na kijiti cha Jumamosi kinaonyesha inapungua. Fundi amesikiliza akasema ni ringi na sili za valvu, silinda ataipima akifungua. Fedha iko kwenye bahasha, ya injini kufunguliwa na kufungwa, hatutakopa. Kama silinda imelika sana itabidi tukae kikao tena, na wale 11 watapata nafasi ya kusema. Ni haki yao.

Baada ya chai fundi ataifungua hapa hapa, chini ya ule mwembe, ili kila mwanachama aone kwa macho yake kabla hajapiga kura ya aina yoyote. Msiende na watoto karibu, kuna petroli. Mwenye matambara safi atuletee, na katibu aje na ile chupa ya rangi ya kucha.